Biblia na mambo yetu ya leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sadaka, upako, ndoa, mirathi na mikopo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza darasa la Biblia la Jumatano jioni katika usharika wetu. Maswali yanayokuja pale karibu ni yale yale, na hakuna anayeuliza habari za Utatu. Watu wanauliza kuhusu bahasha za sadaka, kuhusu rejesho la mkopo la kila Ijumaa, kuhusu shamba la marehemu baba. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe najibu kila wiki upya. Mimi si mchungaji, ni mzee wa kanisa tu, kwa hiyo unaruhusiwa kunipinga. Mistari naitaja kwa tafsiri ya Union Version, ile ambayo wengi wetu tulikaririshwa Shule ya Jumapili. Na kuna jambo moja nitakalokuomba karibu kila mahali: ukisomewa mstari, fungua mwenyewe usome wa juu yake na wa chini yake.

Nisipotoa fungu la kumi, ni kweli nimelaaniwa?

Mstari unaotumika ni Malaki 3:8-10, na kweli neno laana limo. Lakini rudi nyuma. Sura ya kwanza inawakemea makuhani waliokuwa wakipeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Sura ya pili inaanza kwa kuwaambia makuhani kwamba amri hii inawahusu wao. Kisha soma 3:5, mistari mitatu tu kabla ya ule tunaosomewa: Mungu anasema atakuja kushuhudia juu ya wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaompotosha mgeni. Nimesikia mahubiri mengi ya zaka maishani mwangu. Sijasikia hata moja linaloanzia mstari wa 5.

Halafu nenda Kumbukumbu la Torati 14:22-29, ambako zaka inaelezwa ilivyotumika. Mtoaji alikwenda nayo mahali patakatifu akaila mbele za Bwana pamoja na nyumba yake. Kama njia ilikuwa ndefu, aliuza mazao, akafunga fedha mkononi, akafika kule akanunua alichotamani, ng'ombe, kondoo, hata mvinyo, akafurahi. Na kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini kwao, ikaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane hadi washibe. Kwa hiyo anayekuhubiria Malaki akuhubirie na hiyo.

Mimi natoa fungu la kumi, na sitaki mtu aniambie niache. Nidhamu hiyo imenisaidia. Ila natoa kwa maneno ya 2 Wakorintho 9:7, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", na Wagalatia 3:13 inaniambia Kristo alikwisha kutukomboa katika laana ya torati. Anayenitishia laana ili nitoe ananirudisha mahali nilikokombolewa.

Ni fungu la kumi la mshahara kabla ya makato au baada?

Biblia haijui makato ya kodi. Inazungumza nafaka, mvinyo, mafuta na mifugo. Amua moyoni mwako, usibishane na mtu.

Nina ada ya mtoto, mama yangu anaumwa, na kuna ahadi ya jengo la kanisa. Nianze na ipi?

Mama. Kisha mtoto. Jengo litasubiri, tena majengo yetu yamezoea kusubiri.

Katika Marko 7:9-13 Yesu anawashukia watu waliokuwa wakimwambia mzazi kwamba kile ambacho kingekusaidia nimekiweka wakfu, ni Korbani. Kwa lugha ya leo, "Mama, ile hela nimeiahidi kanisani." Yesu anasema kwa kufanya hivyo mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hakuna mahali Paulo anaposema hivyo kuhusu mtu aliyechelewesha ahadi ya mabati.

Nenda kwa mzee wa mtaa wako, mwambie ahadi unaisogeza. Akikukasirikia, msomee Marko 7 taratibu.

Kanisa linaweza kukataa kumzika mtu kwa sababu ya bahasha?

Hili linaniuma, na nitaeleza kwa nini. Niliwahi kuwa mhazini. Kila mkristo alikuwa na namba ya bahasha, na namba ile ilikuwa na ukurasa wake katika daftari kubwa la jalada gumu, miezi kumi na miwili kwa wino wa bluu. Siku moja asubuhi wakaja vijana wawili kutoa taarifa ya msiba wa mama yao, mjane aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Kabla sijawapa pole, kabla sijawavutia kiti, mkono wangu ulikuwa tayari unafungua daftari. Mmoja wao akaniangalia ule mkono. Ukurasa ulikuwa mtupu tangu Machi. Tulimzika, lakini baada ya wale vijana "kukomboa" miezi iliyokosekana, na mimi ndiye niliyewaandikia stakabadhi.

Nimetafuta mstari wa kunitetea tangu siku ile, sijaupata. Watu hutaja Mathayo 18:15-17, ile ya ndugu anayeonywa, asiposikia uchukue mashahidi, asiposikia liambie kanisa. Sawa. Lakini hatua zote tatu zinafanywa na mtu angali hai, mwenye masikio. Kama usharika haukumtembelea mama yule tangu Machi kumuuliza ana shida gani, basi aliyeruka hatua si marehemu. Sauli mwenyewe, mfalme aliyemwinda Daudi porini kama kware, alipozikwa na watu wa Yabesh-Gileadi, Daudi aliwatumia ujumbe wa baraka kwa wema walioutenda (2 Samweli 2:5).

Wanaosema bila utaratibu huu watu wataacha kutoa wana hofu ya kweli, mishahara ya watumishi lazima ilipwe. Lakini mahali pa kuifanyia kazi hofu hiyo ni mkutano mkuu wa usharika, siyo jeneza.

Na mnada wa mazao baada ya ibada, una shida gani?

Peke yake hauna shida. Asiye na fedha analeta mahindi, kuku, mkungu wa ndizi, na mwenye fedha ananunua. Ni mfumo mzuri kabisa. Angalia tu makofi yanakwenda wapi. Jumapili moja mama mzee alileta mayai matatu ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mfanyabiashara mmoja akayanunua kwa shilingi 40,000, mpiga mnada akaruka, vigelegele, akaitwa mbele akaombewa. Mama akasogea pembeni akakunja kitambaa chake. Hakuna aliyeuliza mayai yametoka kwa nani.

Habari ya mjane na senti mbili inaanza Marko 12:41. Mstari mmoja kabla, 12:40, Yesu anawasema waandishi "wanaokula nyumba za wajane". Tukizisoma pamoja, sina uhakika tena kama Yesu pale alikuwa akitufundisha kutoa, au akitazama kwa uchungu mjane anavyoliwa hadi senti ya mwisho. Darasani tulibishana wiki mbili juu ya hili na hatukumaliza.

Maji na mafuta ya upako ni ya kibiblia?

Mafuta, ndiyo. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Angalia nani anakwenda kwa nani: wazee wanaenda nyumbani kwa mgonjwa. Leso za Paulo katika Matendo 19:12 zilipelekewa wagonjwa. Hakuna foleni, hakuna bei.

Bei ndiyo kipimo changu. Naamani alipopona ukoma alitaka kumlipa Elisha, Elisha akakataa kwa kiapo. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia njiani, akadanganya, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Jioni alikuwa na ukoma wa Naamani (2 Wafalme 5). Simoni wa Samaria alitaka kununua uwezo wa Roho, Petro akamwambia fedha yake ipotee pamoja naye. Ukiambiwa "si kuuza, ni sadaka ya chupa tu", uliza kama chupa inapatikana kwa asiye na sadaka.

Na si suala la fedha peke yake. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa injili, wakigombea kupita mahali palipomwagwa mafuta ya upako. Hakuna aliyekuja pale na nia mbaya. Walikuja na magonjwa, madeni na ndoa zilizokwama.

Nimeombewa, nimeambiwa nimepona. Niache dawa?

Usiache. Iwe ni dawa za kufubaza virusi, za sukari, za presha au za kifafa, usiache hata siku moja kwa neno la mtu wa madhabahuni.

Yesu mwenyewe alipowaponya wenye ukoma kumi aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani" (Luka 17:14). Makuhani ndio waliokuwa wakaguzi wa ugonjwa ule. Walawi 13 inaeleza walivyomkagua mtu, wakasubiri siku saba, wakakagua tena. Uponyaji wa kweli haukuogopa kipimo. Kwa hiyo nenda kliniki, pima, na daktari ndiye abadilishe dozi. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, magari yalivyojipanga kilometa nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini kupelekwa huko. Kuna ambao hawakurudi.

Nikihoji, naambiwa "usiwaguse masihi wa Bwana".

Zaburi 105:15. Soma kuanzia mstari wa 12: wanaosemwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hadi taifa, na wanaoonywa ni wafalme. Ni mstari wa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo umegeuzwa kumlinda mwenye nguvu.

Kuhusu viongozi wa kanisa upo utaratibu ulioandikwa: 1 Timotheo 5:19-20. Usipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Sentensi ya kwanza inamlinda mchungaji dhidi ya umbea, na ni haki yake. Ya pili inawalinda waumini. Nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo", na Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia.

Mahali ambapo hakuna wa kuuliza, watu wanaweza kufikishwa popote. Msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ulipoanza kufukuliwa mwaka 2023, ilitoka miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu, watoto wakiwemo.

Mume wangu ananipiga. Baraza la wazee limeniambia nivumilie kwa sababu Mungu anachukia talaka.

Dada, walikusomea nusu ya mstari. Malaki 2:16 inasema Mungu anachukia kuachana, na papo hapo inaendelea kumtaja anayeifunika nguo yake kwa udhalimu, naye anachukiwa. Petro anawaambia waume waishi na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe (1 Petro 3:7). Mume anayepiga, kwa maneno ya Petro, maombi yake yamegonga dari.

Utaambiwa umsamehe. Daudi alimsamehe Sauli mara mbili, alimshika akamwachia. Lakini siku ile mkuki ulipopiga ukutani alikimbia, mkewe akamteremsha dirishani usiku (1 Samweli 19:10-12), na hata Sauli alipolia na kumwita "mwanangu", Daudi hakurudi kukaa jumba lile. Alisamehe akiwa mbali na mkuki.

Pia sheria iko upande wako. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Wakikutolea 1 Wakorintho 6 kwamba waumini wasishtakiane, waonyeshe mstari wa 7: Paulo anazungumzia watu wanaonyang'anyana mali. Yeye mwenyewe alipoona maisha yake yako hatarini alikata rufani kwa Kaisari.

Baba amefariki. Kaka zangu na baba wadogo wanasema binti harithi shamba la ukoo. Biblia inasemaje?

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Wajifunze majina hayo. Ni binti watano wa Selofehadi, aliyekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike. Musa hakuwa na jibu, akaenda kumuuliza Mungu, na Mungu akasema binti hawa wana haki, wapewe urithi (Hesabu 27:1-8).

Baba wadogo wanaojua Biblia watakupeleka Hesabu 36, na waache wakupeleke. Kule wakuu wa kabila walirudi kulalamika kwamba binti hawa wakiolewa nje, ardhi itahama kabila. Wakaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Lakini ardhi haikurudishwa kwa wajomba wala kwa baba wadogo. Ilibaki mikononi mwa binti. Ni kweli pia kwamba Hesabu 27 inawaingiza binti pale tu ambapo hakuna mwana wa kiume, kwa hiyo anayetaka kukubana ana pa kushika. Ila Ayubu 42:15 inasema Ayubu aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, na hakuna aliyemlazimisha.

Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Lakini mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kagera aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jaji alisema Katiba haimruhusu mtu kumbagua, na uuzaji ukasimama. Fungua mirathi mahakamani mapema, kabla mipaka haijahamishwa. Mithali 23:10 ilishaonya kuhusu alama za mipaka na mashamba ya yatima.

Mikopo ya kausha damu: Mkristo akope? Na akikopesha?

Kausha damu ni ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Kukopa si dhambi, ni shida. Swali liende kwa mkopeshaji. Kumbukumbu la Torati 24:10-11 inasema ukimkopesha jirani usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani, simama nje, yeye akuletee. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia, maana ni kuchukua uhai wa mtu. Sasa fikiria yule kijana wa mikopo anayeingia ndani saa kumi na mbili asubuhi, anabeba jiko la gesi na mtungi wake, watoto wamesimama na masufuria ya uji. Ndilo jiwe la kusagia lile. Wakopeshaji wengine ni wanakwaya, tunawajua.

Kikoba cha akina mama kanisani, yaani kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, ni kitu kingine. Nyongeza inayolipwa inarudi kugawanywa kwa wanachama wale wale, na mfuko wa jamii unasaidia wagonjwa na wafiwa. Hapo sioni kosa, mradi anayeshindwa asidhalilishwe kwenye kundi la WhatsApp.

Wanasiasa wapewe kipaza sauti kanisani?

Wakae kwenye benchi, waimbe, watoe sadaka kimyakimya kama sisi. Yakobo 2:1-4 inamwelezea mtu mwenye pete ya dhahabu anayeonyeshwa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha ambazo Rais Ruto wa Kenya alizitoa katika parokia moja ya Soweto, jijini humo humo. Nilipolisoma nilijiuliza usharika wetu ungerudisha nini, na tungetoa wapi, maana tulishanunua spika.

Kuhusu spika za mkesha, majirani wakilalamika ni vita vya kiroho?

Hapana, wanataka kulala. Soma Mithali 27:14.

Wanawake wanaruhusiwa kuhubiri?

Paulo anasema wanyamaze (1 Wakorintho 14:34), na Paulo huyo huyo, sura tatu nyuma, anawaelekeza namna ya kujifunika wanapoomba na kutoa unabii mbele ya watu (11:5). Hawezi kuwa alikataza alichokiwekea utaratibu. Fibi alikuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Dayosisi za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) zilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji miaka ya 1990, madhehebu mengine yamekataa hadi leo, na ndugu wema wapo pande zote.

Nikimpelekea mchungaji wangu maswali haya, hataniona mwasi?

Huenda. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ndivyo yalivyo, na Luka akawasifu (Matendo 17:11). Ila chagua wakati. Usimuulize kwenye matangazo, mbele ya watu, wala siku ya harambee. Mfuate ofisini Jumanne au Alhamisi, akiwa na chai yake, Biblia yako ikiwa imefunguliwa pale pale unapouliza. Na kama alikuwa amepanga kwenda kumtembelea mgonjwa, mwombe uende naye. Mtaongea njiani.